Nakshi Kwenye Chuma cha Mguu wa Kaka

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta njiani natoka Ntobeye, nimeloa mpaka soksi, na dereva wa bodaboda ananiambia eti, "Mzee, mvua ni baraka." Baraka za kwake. Mimi nilikuwa natoka kumwona kaka.

Mguu wa Frednand umezidi. Hospitali walishasema hawana cha kuongeza zaidi ya dawa za maumivu, akaomba arudishwe kwake, alale kwenye kitanda chake. Kila Jumapili baada ya misa naenda kumdanganya kwamba anaonekana afadhali. Leo hakutaka kudanganywa. Alimwambia shemeji Justina alete mfuko wa nailoni uliokuwa chini ya godoro. Ndani mna vyuma viwili vyembamba, vya kijivu, vyenye matundu matundu. Ndivyo alivyofungwa mfupani baada ya ile ajali ya lori la ndizi, kimoja upande huu na kimoja upande ule, na ndivyo alivyotolewa mwaka jana mguu ulipoanza kuoza. Daktari alimwambia vinaitwa titaniamu.

"Nitengenezee kisu," akasema. "Hivi viwe mpini. Halafu uvichore maua yako yale ya kwenye pete."

Nilielewa papo hapo kisu cha nini. Katika ukoo wetu mwenye itongo, yaani shamba la babu, humkabidhi kisu cha kukatia ndizi yule atakayelishika baada yake. Mkono kwa mkono, mbele ya mtu wa ukoo. Akifa hajakabidhi, wazee wanakaa siku ya kuanua matanga na kuamua wao, na sijawahi kuwaona wakiamua mtoto wa kike. Frednand ana mtoto mmoja tu, Irine. Irine ndiye anayepalilia ile migomba tangu baba yake alale chali.

Kisu cha babu kilipotea siku ya ajali. Justina akauliza kwa nini asimpe mtoto kisu chochote. Kaka akasema, "Nimpe cha dukani? Wazee watasema nimempa cha kumenyea viazi. Nataka kisu ambacho hakuna atakayethubutu kukicheka."

Kisha akanishika mkono. "Fanya upesi, Audax. Nimpe nikiwa na pumzi."

Jumatano, 5 Machi

Majivu kanisani. Padre kanipaka mengi mpaka puani. Mchana nimekwenda Bukiriro kwa Paschal mhunzi. Atafua bapa kutoka springi ya gari na kuweka mti wa mkahawa kwenye mpini. Vyuma vya kaka vitalala juu ya mti, na misumari itapita kwenye matundu yaleyale yaliyopita skrubu za mfupa. Paschal alivigeuzageuza vyuma, akauliza vimetoka wapi. Nilipomwambia akaviweka chini polepole, akaenda kunawa.

Jumamosi, 8 Machi

Chuma hiki kina jeuri. Nimechora shaba, nimechora fedha, nimechora hata chuma cha pua, vyote ukivibembeleza vinakubali. Hiki kinanata kwenye ncha ya kalamu kama ugali mbichi, unasukuma, unasukuma, halafu ghafla kinateleza au ncha inakatika. Kalamu naziita hivyo kwa sababu mwalimu wangu Bruda Bernardo aliziita hivyo. Ni patasi ndogo tu, ninazinoa mwenyewe kutoka ncha za drili zilizovunjika, nazoomba kwa mafundi wa kuchomelea pale stendi. Leo nimevunja zote nilizonoa jana.

Jumapili, 9 Machi

Kwa kaka. Amekula uji nusu bakuli. Wiston yupo.

Jumatatu, 10 Machi

Jana sikuandika habari za Wiston kwa sababu nilikuwa na hasira. Ni mtoto wa baba yetu mkubwa, anakaa Biharamulo, ananunua mahindi, na ana wavulana wa kutosha timu ya mpira. Wavulana wanahitaji ardhi. Miaka yote hii tulikuwa tunamwona kwenye harusi na misiba tu. Sasa kaka yuko kitandani, Wiston amehamia Ntobeye na begi lake! Eti amekuja kusaidia. Nilimwambia Justina, "Huyo amekuja kupima shamba kwa macho." 

Mimi sina ninachokitaka pale. Nina kibanda changu Ngara mjini, sikujaliwa watoto, naandika majina kwenye vikombe vya michezo na pete za harusi, inanitosha. Lakini Irine asinyang'anywe.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ukungu umefunika mlima wote, hata ofisi za wilaya sizioni. Sijafanya kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua dawa yake! Ncha isinolewe kali sana. Inatakiwa iwe na kisigino kidogo nyuma yake, na mafuta, na usukume kidogo kidogo tu. Chuma kimekubali. Nimechora mstari wa kwanza, ule mkubwa unaojikunja kama mche wa boga unapotafuta pa kushika, na haukuchanika mahali popote. Nilicheka peke yangu kibandani. Teddy wa mgahawa wa jirani akachungulia kuuliza kama nimepata mchumba.

Kaka alisema maua. Angeridhika na ua moja na jina la Irine, najua. Lakini siwezi kumpa kaka yangu ua moja. Nitajaza pande zote mbili, mizunguko na majani, yapite kando ya kila tundu.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimeona jambo.

Niliingia kwa kaka bila kubisha. Harufu ilinipiga mlangoni nikarudi nyuma. Naandika ukweli: sijawahi kuuona ule mguu bila shuka. Kila nikija wameshaufunika. Wiston alikuwa amepiga magoti na beseni la maji ya chumvi, anaosha kidonda kwa kitambaa, taratibu, huku anamsimulia kaka habari za mnunuzi mwenzake aliyeuziwa gunia la pumba. Kaka alikuwa anacheka huku machozi ya maumivu yanamtoka.

"Karibu, Audax," Wiston akasema bila kugeuka. "Nishikie taa hii."

Nikashika taa. Niliishika nikiangalia ukutani. Baadaye nje nikamuuliza Justina ni nani anayemwosha siku zote. Akasema, "Wiston. Asubuhi na jioni. Mimi nikijaribu nalia, na Frednand hataki Irine auone."

Bado nadhani anataka shamba. Mtu anaweza kuosha kidonda na kutaka shamba.

Jumatano, 26 Machi

Upande wa kwanza umejaa. Mzuri, wallahi, na mimi Mkatoliki.

Ijumaa, 28 Machi

Mwalimu wa michezo amekuja kuulizia vikombe vyake. Nimemfukuza.

Jumapili, 30 Machi

Barabara ya Ntobeye imeharibika, tulisukuma pikipiki kuliko kuipanda. Kaka ameisha, ni macho tu. Irine alinisindikiza mpaka barabarani, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Ni msichana wa maneno machache huyu. Akaniuliza, "Baba mdogo, kisu kitakuwa tayari lini? Baba ananiuliza mimi."

Nikamwambia kazi nzuri haiharakishwi. Nikamweleza na sheria ya Bruda Bernardo, aliyenifundisha misheni kuchora vikombe vya misa. Kila mzunguko huanzia kwenye jani dogo, na jani hilo huchorwa mwisho kabisa. Ukilichora, kazi imefungwa. Kabla ya hapo kazi haimfikii mwenyewe. Nimeishika sheria hiyo maisha yangu yote. Kuna bwana harusi aliyenililia pale kibarazani, kanisani wanamsubiri na kwaya imeanza, na pete yake hakuipata mpaka nilipoifunga.

Irine akasema, "Sawa, baba mdogo." Akarudi na mvua yake.

Jumanne, 8 Aprili

Paschal amepigilia vyuma kwenye mpini. Bapa lake limetulia, hana kasoro mtu yule. Sasa nachora upande wa pili kisu kikiwa kizima, nimekibana kwenye jiliwa na vitambaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Macho yanauma.

Jumapili, 13 Aprili

Misa ya Matawi. Kaka hakunitambua mpaka nilipomwita jina lake la utotoni. Kisha akauliza, "Kisu?" Nikasema wiki hii. Akasema, "Wiki hii," kama mtu anayejifunza neno jipya.

Jumatano, 16 Aprili

Irine alipiga simu asubuhi. "Baba anasema ulete kisu kilivyo." Nilikuwa nimebakiza jani moja la upande wa pili. Jani moja! Nikasema basi, nikipeleke akione tu, moyo utulie, kisha nirudi nacho nikimalizie.

Nilimkuta ameinuliwa kwa mito, amenyolewa ndevu, ni kazi ya Wiston. Nikakitoa kisu kwenye kitambaa nikakiweka kiganjani mwake. Kaka alikitazama muda mrefu. Akapitisha kidole gumba juu ya majani, akafika kwenye tundu moja, akatabasamu. "Hapa ndipo palipokuwa panauma zaidi," akasema. Wiston aliinama kuangalia, naye akaguna kwa kusifu. Naungama nilivimba kichwa.

Kisha kaka akaita, "Irine. Irine, mwanangu, njoo hapa."

Irine akaja kutoka jikoni anafuta mikono kwenye kitenge. Akapiga magoti kando ya kitanda. Kaka akaanza kuinua mkono wenye kisu, na mkono ulikuwa mzito kwake, unapanda na kushuka. Ndipo nilipoelewa anataka kumkabidhi sasa hivi.

Nikasema, "Kaka, subiri. Hakijafungwa. Limebaki jani."

"Niachie, Audax."

"Jumamosi nitakileta. Utampa kikiwa kimekamilika. Si ulitaka kisichekwe?"

Wiston akasema, "Si umwache tu, Audax."

Nikamjibu, "Wewe nunua mahindi yako."

Nikakichukua kisu mkononi mwa kaka. Vidole vyake havikunishindania hata kidogo, vilifunguka tu. Akanitazama, akacheka kicheko chake kile cha pua. "Kaidi tangu utoto," akasema, akafumba macho. Irine alibaki amepiga magoti, mikono yake miwili iko wazi mbele yake, mpaka mama yake alipomwita jikoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo jani limenishinda. Nilikuwa na haraka, kalamu ikateleza, ikaacha mkwaruzo mpaka kwenye tundu. Nimeshinda nasugua kwa msasa, kuchora upya haikuwezekana, giza likaingia na umeme hakuna.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Sikushika kalamu. Bruda Bernardo siku hii alikuwa anafunga kabati la zana na kuficha ufunguo. Nimekwenda kanisani, nimebusu msalaba, nimemwombea kaka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilichora jani asubuhi, likatoka safi. Nilikuwa nimekwisha kukifunga kisu kwenye kitambaa, bodaboda anapiga honi nje, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Irine lakini sauti ya Wiston.

"Audax, usije mbio. Njia mbaya. Kaka amekwenda alfajiri."

Nilimwambia dereva aondoke. Nikakaa. Siandiki zaidi leo.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumemzika mchana, mvua ikatupa nafasi kidogo tu. Msalaba nitauchora baadaye. Kisu kilikuwa kwenye mfuko wa koti langu muda wote, na kila nilipoinama kilinigusa mbavu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimelala msibani. Sikuongea na Irine, wala yeye hakuongea na mimi. Ananiletea maji ya kunawa, ananisalimia shikamoo, anaondoka. Wanaume wanaongea kuhusu bei ya kahawa, na wakiona napita wanapunguza sauti, maana wote wanajua Jumamosi kuna kikao. Nimewasikia wawili wakisema, "Itakuwa kwa Wiston tu, ana wavulana."

Mtendaji wa kijiji amekuja kutoa pole, akasema sheria inamtambua mtoto wa kike, wakitaka waende mahakamani. Justina akamjibu, "Niende mahakamani na watu waliochimba kaburi la mume wangu?" Mtendaji akanywa chai yake akaondoka.

Nimewaza usiku kucha. Hasira yangu yote imehama kwa Wiston imekuja kwangu. Kaka alinyoosha mkono na mimi nikauzuia kwa ajili ya jani.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumeanua matanga. Naandika yote.

Tulikaa uani chini ya turubai. Mzee Bizimana, mkubwa wa ukoo, alimaliza sala na shukrani, akasafisha koo. "Sasa itongo. Marehemu alikabidhi?"

 Nilikuwa nimekaa karibu na Wiston, magoti yetu yanagusana. Justina alikuwa na wanawake, ameinamisha kichwa. Irine alisimama mlangoni na sinia.

Mimi si mwongo. Mtu aseme yote juu yangu, kwamba ni mkali, kwamba nachelewesha kazi, lakini si mwongo. Nikasimama.

"Alikabidhi," nikasema. "Jumatano ya wiki ya mwisho. Alimpa Irine kisu hiki." Nikakitoa kwenye kitambaa. "Mimi nikakiomba nikimalizie nakshi, ndiyo maana kimebaki kwangu."

Kisu kikazungushwa. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mzee mmoja alikigeuza, akagusa matundu, akauliza ni chuma gani, na nilipowaambia kilitoka ndani ya mguu wa marehemu akakipokeza jirani yake kwa mikono miwili. Kama kaka alivyotaka, hakuna aliyethubutu kucheka.

Mzee Bizimana akarudi kwangu. "Wewe ndiye fundi, na kisu kimetoka mfukoni mwako. Alikabidhi mbele ya nani mwingine?"

Hapo nilikwama. Chumbani tulikuwa wanne: kaka, ambaye hayupo; mimi; Irine; na Wiston. Nilijua naulizwa nimtaje mtu ambaye neno lake moja lingewapatia wanawe shamba zima.  Nikaangalia chini.

Wiston akasimama taratibu, akashika magoti yake kwanza kama mtu aliyechoka sana.

"Mbele yangu," akasema. "Nilikuwepo. Niliuona mkono wake."

"Alimpa Irine?"

"Alimpa Irine."

Mzee Bizimana alimtazama Wiston, akatazama wavulana wake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka, akamtazama tena. Kisha akasema, "Basi fundi, mrudishie mwenyewe kisu chake." Irine akaweka sinia chini, akaja, akapiga magoti mbele yangu, akapokea kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele vya kwikwi, nusu vilio. Irine hakuniangalia usoni.

Baadaye nilimfuata Wiston nyuma ya nyumba, alikuwa anafunga begi lake kwenye pikipiki. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno ya mahindi, na kwa mengine ambayo hayajui. Nikaishia kumuuliza, "Kwa nini?"

Akakaza kamba. "Nilikuja kwa ajili ya shamba, Audax, sikufichi. Lakini mtu ukimwosha kidonda asubuhi na jioni, anakuongelesha. Kila siku alinisimulia habari za Irine. Irine alivyotembea, Irine alivyopanda mgomba wake wa kwanza ukiwa kichwa chini." Akawasha pikipiki. "Wewe hukuyasikia hayo. Ulikuwa unachora."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Jumapili, 4 Mei

Mvua inapungua. Vikombe vya mwalimu nimempa, bila maua, majina tu. Alishangaa kwa upesi.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda Ntobeye baada ya misa. Justina alisema Irine yuko shambani, nikamfuata kwenye migomba. Alikuwa anakata mkungu kwa panga la kawaida. Kisu kilikuwa kiunoni mwake, kimefungwa kwenye kitambaa changu kilekile.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Mbona hukitumii? Paschal amekinoa kinakata hata unywele."

Akaweka panga chini, akakifungua kisu. "Nakitazama kila siku," akasema. "Natafuta lile jani. Ulisema limebaki moja. Nimetafuta pande zote mbili, yote naona sawasawa. Nionyeshe."

Nikavaa miwani. Nikaugeuza mpini, nikalionyesha jani kwa ukucha, pale mzunguko unapoanzia, karibu na tundu la mwisho. Ni dogo kuliko punje ya ulezi.

Irine akainama sana ili alione.  Nilisubiri anilaumu, na ningefurahi.

"Basi hili," akasema. Akakifunga kisu tena kwenye kitambaa, polepole, akakirudisha kiunoni. "Mzee Bizimana ananiambia nina bahati, baba yangu alinipa kwa mkono wake. Kila mtu ananiuliza mkono wake ulikuwaje siku ile, ulikuwa na joto au ulikuwa baridi. Nawajibu ulikuwa na joto. Sijui, baba mdogo. Ulikuwa na joto?"

Nilimwambia ulikuwa na joto.